Theluji Iliguna Nyuma ya Jiwe

Ilianza Ijumaa ya kufunga shule kwa likizo ya Februari, saa kumi na moja na robo jioni, mama alipofunga mfuniko wa hotpoti ya kuku kwa nguvu kana kwamba kuku angetoroka.

Darasani mliniuliza nini kilitokea huko juu mlimani, nikawaambia "ah, ilikuwa nzuri tu," kwa sababu mnanijua. Watu wakishafika watatu maneno hayanitoki. Kuandika naweza. Kwa hiyo haya, someni, na mkimaliza tafadhali msiniambie nisimulie tena kwa mdomo.

Hallunda hadi stesheni kuu

Safari ilikuwa ya Mamdogo Stela, mdogo wake mama. Anaishi Spånga, ni nesi hospitali ya Flemingsberg, na anapenda mlima wenye theluji kama wengine wanavyopenda harusi. Alipokuja huku Sweden kusoma, kabla sijazaliwa, wanafunzi wenzake walimpeleka kaskazini hadi kibanda kimoja cha mbao kilicho nyuma ya kipito, yaani pale milima miwili inapoachiana nafasi ya mtu kupita. Nimesimuliwa kibanda hicho tangu niko mdogo. Dirisha lake linatazama mabonde matatu. Kikombe chake cha bati hakina mkono. "Nitakupeleka, Atu," alikuwa akiniambia akinisuka, "ukaone dunia kabla haijachafuliwa."

Halafu mwaka juzi aliumia goti, akapasuliwa. Mwaka mzima akawa anapanda ngazi za kazini badala ya lifti ili goti lirudi. Mgonjwa akibonyeza kengele, Mamdogo anafika akihema kuliko mgonjwa. Yote hayo kwa ajili ya kile kibanda, na safari hii nilikuwa nimekwishajifunza shuleni kuteleza thelujini kwa skii vya kutosha kwenda naye. Nataka mlikumbuke hilo goti mnapoendelea kusoma.

Mama hakufurahi. "Sisi watu wa Tukuyu tumezaliwa na milima," alisema akinifunga skafu mara ya tatu, "lakini umeona nani analala juu yake? Ukifika piga simu. Ukiondoka piga. Ukitaka kulala piga."

"Dada, anakwenda na mimi," Mamdogo akasema.

"Na wewe pia upige."

Kwenye treni ya chini ya ardhi watu walituangalia sana. Wanawake wawili weusi, skii ndefu, na harufu ya kuku wa kukaanga kutoka kwetu Hallunda hadi mjini Stockholm. Nilitamani niingie ndani ya begi langu nifunge zipu. Mamdogo yeye alikuwa amekaa kama bibi harusi.

Treni ya kaskazini

Stesheni kuu tulimkuta Papa Didier, rafiki wa Mamdogo kwenye chama chao cha skii. Ni mtu wa Bukavu, fundi wa lifti. Nilipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa, nikasema "Shikamoo." Akanitazama, akamtazama Mamdogo, kisha akajibu kwa heshima kubwa, "Eeh, shikamoo na weye, mama!" Mamdogo alicheka mpaka akashika nguzo. Kwao hawana hiyo salamu sana. Toka hapo kila asubuhi aliniwahi yeye, "Shikamoo, mama Atu!" na mimi sikujua kama niitikie marahaba kwa mtu mwenye mvi.

"Na weye Stela," akamgeukia Mamdogo, "njo unaniharibia kazi. Batu bote bakipandaka ngazi, miye nitakula nini?"

Asubuhi nilipoamka treni ilikuwa imesimama katikati ya msitu. Reli ya mbele imeganda, wakatangaza, subirini. Tukasubiri. Nje miti ilikuwa imebeba theluji mabegani, hakuna nyumba, hakuna chochote, na mwanga ulikuwa wa buluu hafifu, kama maji ya kufulia. Nilidhani nitachoka kuutazama. Sikuchoka.

Kwenye kitanda cha chini yetu kulikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi ambaye tangu jana hakusema neno. Alikuwa amekaza uso, nikajua tunamkera: kuku, vicheko, skii zetu zilizoziba mlango. Mamdogo alipofungua chapati nilimnong'oneza, "Mamdogo, tule taratibu, bibi amekasirika."

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Basi mpe."

Sikuweza. Mamdogo akampa. Yule bibi akapokea kwa mikono miwili, akaila yote, halafu akasema kwa Kiswidi, sauti ndogo kama yangu, "Nimekuwa nikinusa tangu Stockholm. Nilikuwa naona aibu kuomba." Akatoa kwenye begi lake jibini la kahawia, akalikata vipande vyembamba, tukala na chapati. Linakuwa tamu, halafu chumvi, halafu tamu tena. Papa Didier alikula vipande vinne na kusema ni sabuni nzuri sana.

Tulifika jioni badala ya mchana. Bibi alishuka kabla yetu, akanishika shavu. Kwa hiyo kuna mtu mzee, tena kwao kabisa, na bado anaogopa kuomba chapati. Jambo hilo lilinifariji vibaya sana.

Kibanda cha kwanza, na simu ya mama

Kiongozi wetu, aliyetupokea kwenye kibanda cha chini tulikolala, aliitwa Elin. Ni mfupi, pua imeungua jua, anaongea polepole kama watu wa kaskazini, na baada ya kila sentensi anavuta hewa ndani "shh" maana yake ndiyo. Nilimpenda palepale. Kuna watu wakiingia chumbani kila kitu kinakaa mahali pake.

Siku nzima ya kwanza hatukwenda popote. Tulijifunza kufukuana. Kila mtu anavaa kifuani kiredio kidogo kinachotuma mlio. Theluji ikiporomoka na kukufukia, wenzako wanageuza viredio vyao visikilize chako, mshale unawaongoza, kisha wanachoma theluji kwa fimbo ndefu mpaka iguse mwili, kisha makoleo. "Ukiwa chini ya theluji, hakuna gari la wagonjwa," Elin alisema. "Gari lako ni hawa watatu. Watazameni." Tukatazamana. Papa Didier alikuwa na makombo ya maandazi kwenye ndevu.

Elin alifukia begi lenye kiredio, akamwambia Mamdogo alitafute. Mamdogo akaondoka kwa mwendo wa nesi. Mshale ukamwambia kulia, kushoto, nyuma, kulia. Akazunguka kama kuku. "Hiki kimeharibika," akasema.

Elin akamsogelea. "Una nini mfukoni hapo kifuani?"

Ilikuwa simu. Imewashwa, na wakati uleule ikaanza kutetema: ujumbe wa sauti wa mama, wa sita tangu asubuhi. Simu ikiwa karibu na kiredio inakichanganya, na Elin alikuwa ametuambia tuzime. Mamdogo alisikia vizuri sana. Ila katika ukoo wetu hakuna anayezima simu akiwa safarini, ni kama kumwambia mwenzio umekufa.

"Nikizima, dada yangu atapanda treni aje," Mamdogo akajitetea.

Elin hakucheka. Alifikiri, akavuta hewa "shh," akasema tutazima zote mchana, na kila jioni kibandani atampigia mama yeye mwenyewe. Na kweli alipiga. Nilimsikia akisema kwa Kiswidi, "Wote wapo, wote wamekula," na mama upande wa pili akimuuliza nimekula *nini*. Elin akanigeukia kuuliza, akarudi kwenye simu na kumwelezea supu yote hadi karoti.

Halafu akatupa kanuni yake. Kila mahali pa uamuzi tunasimama, kila mtu anasema kwa sauti twende au hapana. Anaanza mdogo. Kiongozi anasema mwisho. "Wakubwa wakianza, wadogo wanaitikia tu," alisema. "Na mmoja akisema hapana, tunageuka. Hatumuulizi kwa nini mpaka tumefika chini."

"Mdogo ndiye aanze?" Mamdogo akauliza, kama mtu aliyeambiwa mgeni ndiye apike.

"Mdogo."

Jumatatu tulijaribu kwenye kilima kidogo. Elin akaniuliza, "Atu?"

"Atu yuko tayari," Mamdogo akajibu.

"Nimemuuliza Atu."

"Ndiyo, anasema yuko tayari."

Papa Didier akakohoa kwenye glovu yake. Jamani, Mamdogo hakuwa na ubaya. Kwetu mtoto akiulizwa na mgeni, mkubwa anajibu. Kwa daktari mama anajibu mimi ninaumwa wapi. Na niseme ukweli, nimezoea, na mara nyingi inanisaidia.

Kuelekea kipito

Jumanne ndiyo siku. Keshokutwa tulikuwa na treni, na Jumatano tufani lilikuwa linakuja, kwa hiyo ni leo au basi. Taarifa ya maporomoko asubuhi ilisema hatari ni ya tatu kati ya tano. "Tatu ndiyo inayodanganya watu," Elin alisema. "Nne wanaogopa, wanabaki nyumbani." Alichimba shimo karibu na kibanda, akakata ukuta wa theluji na kuugonga kwa koleo. Ulishika vizuri. Tukaondoka.

Sijui niwaelezeeje uzuri. Tulibandika ngozi chini ya skii ili zisirudi nyuma, tukapanda kwa saa nyingi, na kila tulipogeuka bonde lilikuwa limeshuka tena. Upepo ulikuwa umechora theluji mistari kama mgongo wa mkeka. Jua lilikaa chini, likifanya kila jiwe liwe na kivuli kirefu cha buluu. Hakukuwa na sauti isipokuwa skii zetu na goti la Mamdogo, ambalo linalia "tk" kila hatua. Alikuwa mbele yangu. Nilimtazama mgongo wake na nilijivuna, yaani nilitaka kulia. Mwanamke aliyejifunza kuteleza na miaka yake zaidi ya ishirini, mwenye chuma ndani ya goti, anapanda mlima kama anakwenda dukani.

Tulikula chini ya jiwe kubwa: maandazi yaliyoganda tukayalainisha kwenye chai. Sasa hapa inabidi niseme jambo la aibu. Nilikuwa nimebanwa na haja ndogo tangu asubuhi. Wenzangu walikuwa wanageuka tu nyuma ya jiwe na kusema "msitazame." Mimi siwezi. Nilimwambia Mamdogo nakwenda kunyoosha miguu. Nikazunguka jiwe, nikaona bado sauti zao zinasikika, nikaenda mbele hadi nyuma ya kijilima, mahali ambapo upepo ulikuwa umerundika theluji laini.

Nilipotoka kwenye skii na kukanyaga, theluji iliguna.

Siyo mimi kuzama. Ilikuwa sauti nzito, fupi, kama mtu mnene amejitupa kwenye sofa chumba cha chini, na theluji yote ikashuka kidogo pamoja nami. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka miguuni mwangu kwenda mbali, haraka kuliko macho. Kisha kimya. Pale palikuwa tambarare, hapakuwa na kitu cha kuporomoka. Nilifanya haraka nilichokuja kufanya na kurudi.

Nilijua maana yake. Elin alikuwa ametufundisha: theluji ikiguna, tabaka dhaifu la chini limekatika. Lakini kumwambia ni kueleza nilikuwa wapi, nafanya nini, mbele ya Papa Didier. Nikajiambia labda ni pale tu. Nikafunga buti.

Baada ya muda tukafika chini ya mteremko wa mwisho. Ulikuwa mweupe, laini, mzuri kuliko yote, umejazwa na upepo uleule. Ukiukata kwa mshazari unafika kwenye kipito. Mamdogo alisimama akiegemea fimbo zake na machozi yalikuwa yameganda kwenye kope.

"Nyuma ya pale, Atu," alisema. "Nyuma ya pale tu."

Elin akasimama. "Haya. Tunaamua. Atu?"

"Atu yuko sawa, twende kabla upepo haujaamka," Mamdogo akasema.

Elin aliinua glovu yake kama askari wa barabarani, akaendelea kunitazama mimi.

Nilimtazama Mamdogo. Nilitazama goti. Nilifikiria ngazi zote zile. Nilifikiria watu wanne kwenye mteremko ule, mmoja baada ya mwingine, na yeye ndiye angekwenda wa kwanza nyuma ya Elin, akicheka.

"Hapana," nikasema.

Haikutoka sauti. Ilitoka mvuke tu.

"Sema tena," Elin akasema.

"Hapana. Sitaki tupite."

Mamdogo akageuka. "Umesemaje? Unaumwa?"

"Hatuulizi," Elin akasema. "Tunageuka." Na akageuza skii zake, hivihivi, kama nimemwambia saa. Papa Didier alinitazama kidogo, akasema polepole, "Basi, mama Atu amesema," akamfuata.

Mamdogo alibaki amesimama akiangalia kipito. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, na ilikuwa mbaya zaidi. Alivuta skafu juu ya mdomo akashuka.

Kushuka, na choo changu

Njia yote ya kurudi hakunisemesha. Mnamjua Mamdogo, huongea hata akiwa anapiga mswaki. Nilisikia "tk, tk" tu.

Kibandani Elin aliwasha jiko, akatupa chai, akakaa. "Sasa tuko chini. Atu, ukitaka unaweza kutuambia."

Niliwaambia nikitazama kikombe. Nilisema nilikwenda mbali. Nilisema kijilima. Nilisema theluji iliguna na ufa ulikimbia. Elin aliweka kikombe chake chini.

"Ulifuata nini huko?" Mamdogo akauliza. Maneno yake ya kwanza.

"Kukojoa."

Mamdogo akanigeukia.

"Mbali yote hiyo? Mtoto ulikwenda kukojoa Norway?"

Papa Didier alianza yeye. Alicheka bila sauti, mabega tu, halafu kwa sauti, halafu akalala kwenye benchi akisema "mama wee, mama wee." Na mimi nikacheka, uso unawaka moto. Mamdogo alicheka kidogo lakini alikuwa ananitazama.

Elin alikuwa ameshachukua koleo. "Njooni." Nyuma ya kibanda, upande ambao hakuchimba asubuhi, kulikuwa na tuta ambalo upepo ulikuwa umelirundika kwa namna ileile. Akachimba, akakata kipande kama sanduku, akaweka koleo juu, akaligonga kwa ncha za vidole. Mara ya tatu sehemu ya juu yote ikateleza ikatoka, safi, kama droo ya meza.

Chini yake kulikuwa na punje. Mamdogo alivua glovu akazishika. Zilimpita vidoleni kama sukari, hazishikani.

"Nilichimba mahali pabaya asubuhi," Elin alisema. "Na pale juu nilikuwa nakwenda kusema twende." Akavuta hewa, "shh."

Hatutajua kama mteremko ule ungeporomoka. Elin alitwambia hivyo wazi: ukigeuka huonyeshwi kitu, hupewi zawadi, unarudi tu na maswali na watu wako wote.

Mamdogo alizitazama punje mpaka zikayeyuka. Kisha akanifuta kamasi kwa kidole chake, kama nina miaka mitatu, mbele ya watu.

"Ningekuingiza pale mwanangu," akasema. "Tena nikiimba."

Jioni Elin alimpigia mama. "Wote wapo," alisema, "wote wamekula."

Kurudi kusini, na asubuhi yake

Tufani lilikuja kama lilivyoahidi, likatufungia siku nzima. Papa Didier alipika maharage, akatufundisha kucheza karata kwa udanganyifu. Treni ya kurudi haikuchelewa hata kidogo, tukasikitika. Stesheni kuu Mamdogo alinikumbatia, hakusema habari ya kibanda. Nililala kitandani kwangu Hallunda huku bado nazisikia skii miguuni.

Asubuhi yake Mamdogo alikuja kutoka Spånga na mkate wa moto. Tulikuwa mezani: mama, yeye, mimi, na mdogo wangu Upendo mwenye miaka mitano. Mama alimimina chai, akaketi, akatangaza kama dada mkubwa anavyotangaza.

"Nimefikiri. Mwaka kesho hakuna mtu wangu anayekwenda kwenye theluji. Na hilo goti lako, Stela, likae nyumbani."

Mama akishasema hivyo, huwa limekwisha. Nilimwona Mamdogo akiinamia kikombe chake. Kisha akainua uso.

"Dada," akasema, "huko tulikotoka anaanza mdogo."

"Wapi? Tukuyu?"

"Mlimani."

"*Jag är minst!*" Upendo akapiga kelele kwa Kiswidi, mkono juu, kwa sababu kweli yeye ndiye mdogo kuliko wote. Mama akamtazama Mamdogo, kisha, sijui kwa nini, akamwacha aseme. Upendo akafikiri sana, mkate mdomoni.

"Mimi nataka kwenda," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Lakini kuna choo?"

Chai ilimtoka Mamdogo puani. Mama alikuwa hajui tunacheka nini na alichukia kutojua. Mamdogo alijifuta, akapumua, akanigeukia. Hakujibu kwa ajili yangu. Aliinua mkono wake juu ya meza, kiganja wazi, vilevile kama Elin, akamzuia hata mama.

"Wa pili," akasema.

Niliweka kikombe chini.

"Turudi," nikasema. "Mamdogo hajafika."

Nilisema mara moja tu, na wote walisikia.